Vibati vya askari vilivyookotwa Ras Kasone: kuvisafisha na kuvithamini

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mvuvi, mkaazi wa Tanga. Baada ya bamvu la mwezi uliopita, maji yalipokupwa sana, nilipita ufukweni upande wa Ras Kasone nikaokota vitu vinne kwenye changarawe chini ya jabali. Kimoja ni bamba dogo la shaba lililopinda, lenye namba 101 na herufi zisizosomeka vizuri chini yake. Cha pili ni kibati cha duara cha shaba ya manjano, chenye tundu na namba ya tarakimu nne. Cha tatu ni kibati cheupe, chepesi mno, kilichoshikwa na utando mweupe. Cha nne ni sarafu ya shaba yenye ndege upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kile cha namba nilikisugua kwa ndimu na majivu, kikageuka rangi ya waridi. Sonara mmoja yuko tayari kuvinunua vyote kwa kuvipima uzito. Nivisafishe vipi vilivyobaki, na thamani yake ni kiasi gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili, lakini katika vitu vya namna hii hayatenganiki, kwa sababu karibu thamani yote ya kitu kilichotoka baharini iko kwenye uso wake wa juu, yaani kwenye ule unene mdogo sana wa metali ambamo zimegongwa herufi, namba na nembo. Anayeuondoa uso huo ili king'are anauza ung'avu na kupoteza habari. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili kabla hujasoma mengine: usisugue chochote tena, na usimpe sonara jibu lolote kwa sasa.

Nianze na mahali ulipoviokota, maana ndipo pa kuanzia kuvitambua. Ras Kasone si ufukwe wa kawaida. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Uingereza lililotoka Bara Hindi, likiwa na askari wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, lilianza kushuka hapo kwa nia ya kuuteka mji wa Tanga. Tarehe 4 likasonga mbele kupitia mashamba na vichaka, likakutana na kikosi cha Kijerumani kilichozidi 1,000 kidogo, wengi wao askari Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walishindwa vibaya, nyuki walioshambulia pande zote mbili wakaongeza vurugu, na tarehe 5 waliobaki wakarudi melini wakiwa na haraka kubwa. Nyuma yao waliacha bunduki mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Watu waliorudi majini kwa namna hiyo waliangusha vifungo, nembo, sarafu na vibati vya majina, na bahari inaendelea kuvitoa kidogo kidogo kila maji makubwa yanapochimbua changarawe.

Bamba lako la namba 101, kwa maelezo ulivyoyatoa, linafanana sana na nembo ya begani ya kikosi cha 101 cha Grenadiers cha jeshi la India. Kikosi hicho kilikuwapo Tanga siku ile, upande wa kushoto wa mashambulizi, na ndicho kilichoelemewa von Lettow-Vorbeck alipowaingiza askari wake wa akiba kutoka ubavuni. Ikiwa herufi zilizo chini ya namba zinaanza na G na kufuatiwa na R, basi shaka inapungua sana. Geuza upande wa nyuma utafute vishikizo viwili au vitatu vya shaba, au hata makovu yake, kwa kuwa nembo ya begani ilifungwa kwenye nguo kwa vishikizo hivyo.

Sarafu ni rahisi zaidi. Ndege ni tai wa Kijerumani, na maandishi ya Kiarabu ni jina la kampuni ya Kijerumani iliyotawala pwani hii kabla serikali ya Ujerumani haijaichukua. Hiyo ni pesa moja ya shaba, iliyotengenezwa kati ya 1890 na 1892, na ndiyo maana mwaka wa Hijria ulioandikwa juu yake utakuwa 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Si kitu cha kijeshi, na haina uhakika wowote wa kuhusiana na vita, kwa sababu ilitumika madukani na sokoni kwa miaka mingi. Ni sarafu iliyopatikana kwa wingi, na kwa hali ya kuliwa na chumvi bei yake itakuwa ndogo.

Kibati chenye tundu na namba ya tarakimu nne kinahitaji tahadhari, na hapa nadhani wengi wanaookota vitu vya namna hii hujidanganya. Ni kweli kwamba katika vita vile majeshi yaliwaandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, na watu walihesabiwa kwa namba. Lakini Tanga ni mji wa bandari, wa karakana za reli iliyokwenda Moshi, na wa mashamba makubwa ya mkonge. Karakana nyingi za zama hizo zilitumia vibati vya shaba vyenye namba: fundi alikabidhi kibati akapewa chombo, na alipokirudisha chombo akapewa kibati chake. Kibati chenye namba pekee, bila jina la kikosi, nembo wala herufi za idara, hakiwezi kuitwa cha kijeshi kwa sababu tu kimeokotwa karibu na uwanja wa vita. Kiangalie kwa kioo cha kukuzia. Kama tarakimu hazikukaa mstari mmoja na kina chake kinatofautiana, ziligongwa moja moja kwa mkono. Kama kuna kiasi cha fedha kilichoandikwa, hicho ni kibati cha kantini au cha duka, na kipimo cha fedha kitakusaidia kukadiria umri wake: anna ni za mfumo wa rupia ya Kihindi, ambao upande wa Waingereza uliachwa kuanzia 1920, heller ni za Wajerumani kuanzia 1904, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Sasa nakuja kwenye kile cheupe, na juu yake nitakaa zaidi kuliko vyote. Kitu chepesi sana, cheupe, chenye utando mweupe kama chokaa, karibu hakika ni alumini. Jeshi la Uingereza lilianza kuwapa askari wake vibati vya alumini vya utambulisho mwaka 1907, vya duara, vyenye upana wa takriban milimita 35 na tundu la kupitisha kamba ya shingoni. Juu yake ziligongwa namba ya askari, jina, kikosi na dini yake. Kuanzia Agosti 1914 alumini ilianza kubadilishwa kwa vibati vya nyuzi zilizoshindiliwa, lakini kikosi cha pili cha Loyal North Lancashire, ambacho ndicho kikosi cha Waingereza wenyewe kilichopigana Tanga, kilitoka Bangalore, mbali na bohari za Uingereza. Kwa hiyo uwezekano kwamba kibati chako kina jina la mtu ni mkubwa kuliko unavyodhani. Kipo pia kitu kingine cha kukiondoa kwenye hesabu: senti moja za alumini zilizotolewa 1907 na 1908 kwa ajili ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda, ambazo zilikuwa na tundu katikati kabisa. Tundu la kibati cha askari liko karibu na ukingo. Tazama hilo kwanza.

Kukisoma hakuhitaji kukisafisha. Kiweke juu ya kitambaa cheusi ndani ya chumba chenye giza, uwashe taa ya simu uilaze pembeni, mwanga ukipita karibu usawa na uso wa kibati, kisha ukizungushe polepole huku mtu mwingine akipiga picha. Herufi ambazo jicho halizioni mchana hutupa kivuli chembamba chini ya mwanga wa namna hiyo. Piga picha nyingi, za pande zote mbili, na katika kila picha weka rula pembeni. Usijaribu kuweka karatasi na kupitisha penseli juu yake, kwa maana alumini iliyoliwa na maji ya bahari hupasuka kama gamba la yai hata kwa shinikizo dogo.

Baada ya picha, andika. Tarehe, saa, hali ya maji, umbali kutoka kwenye jabali, kina ulichokuta kitu, na kama vitu vinne vilikuwa pamoja au vimetawanyika. Ukiwa na simu inayoonyesha mahali ulipo, rudi pale pale uchukue vipimo vya mahali. Karatasi hiyo ikae na vitu daima. Nembo ya kikosi cha 101 isiyojulikana ilikotoka ni nembo moja kati ya nyingi; nembo hiyo hiyo ikiwa na maandishi yanayoonyesha kwamba iliokotwa Ras Kasone ni ushahidi wa tukio.

Sasa usafi wenyewe. Adui wa kweli si uchafu unaouona bali ni chumvi usiyoiona. Kloridi ya maji ya bahari huingia ndani ya vinyweleo vya shaba na kujificha chini ya gamba la kijani. Kitu kikikauka na kukaa kwenye hewa yenye unyevu, kama hewa yetu ya pwani, kloridi hiyo huungana na maji na oksijeni, ikatoa asidi ndani ya kitu chenyewe, na asidi ikala shaba mpya, na mzunguko ukaendelea. Dalili yake ni unga wa kijani kibichi hafifu unaotoka kwenye vishimo vidogo na kuanguka ukiguswa. Wahifadhi huuita ugonjwa wa shaba, na unaweza kugeuza nembo nzima kuwa unga ndani ya miaka michache. Ndimu, siki na ukwaju haviondoi chumvi hiyo. Huongeza asidi juu ya asidi. Mama zetu husugua sinia na masufuria ya shaba kwa ndimu na majivu, na kwa chombo kizima cha jikoni hakuna ubaya, lakini kitu kilichokaa baharini miaka 100 hakina tena ngozi ya kuhimili hilo. Rangi ya waridi uliyoiona kwenye kibati chako ina maelezo yake: shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kuinyonya zinki ya juu, na ndimu ikaondoa gamba lililokuwa likifunika shaba nyekundu iliyobaki. Rangi ya mwanzo hairudi kwa dawa yoyote. Kinachowezekana ni kuzuia madhara yasiendelee.

Chukua vyombo vitatu vya kioo au plastiki, si vya bati wala sufuria. Nembo, kibati cha namba na kile cha alumini, kila kimoja kipate chombo chake, maana metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji yenye chumvi, iliyo dhaifu huliwa upesi. Sarafu inaweza kukaa na nembo ikiwa hazigusani. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri, lakini hakikisha chupa imeandikwa maji na wala si asidi ya betri, kwa sababu zote mbili huuzwa rafu moja. Ukikosa, maji ya mvua ya masika yaliyokingwa moja kwa moja angani, bila kupita kwenye paa la bati, yanafaa kuliko ya bomba, ambayo yana klorini.

Kwa vitu vya shaba, badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Kazi hii huenda kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na hakuna njia ya kuiharakisha isiyo na gharama. Utajua imekwisha kwa kupima maji: mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu nawe anaweza kudondosha nitrati ya fedha kwenye maji uliyoyamwaga, na yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi bado inatoka. Vipo pia vipimo vidogo vya mkononi vinavyopima chumvi iliyoyeyuka, vile wanavyotumia wauzaji wa maji ya kunywa. Pima maji mapya, pima na yaliyokaa wiki nzima na kitu. Tofauti ikitoweka, umefika.

Kibati cha alumini hakitakiwi kukaa majini muda mrefu hivyo. Kioshe kwa maji yaliyotoneshwa yanayobadilishwa mara kwa mara kwa siku chache, halafu kikauke. Kamwe kisiguse majivu, magadi wala sabuni ya unga, kwa kuwa alumini huyeyuka ndani ya vitu hivyo, na jina likienda halirudi. Utando mweupe uache ulivyo. Kama herufi zimefunikwa kabisa na picha za mwanga wa pembeni hazikuonyesha kitu, hiyo ni kazi ya mhifadhi mwenye darubini, si ya nyumbani.

Shaba ikitoka majini, ichovye kwenye spiriti safi au asetoni, mbali na moto, ili ivute maji yaliyomo ndani, kisha iache ikauke kivulini kwa siku kadhaa. Mchanga ulioganda unaweza kuutoa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, au kwa mwiba wa nungu, ambao hata wahifadhi wa makumbusho huupenda kwa sababu ni mgumu kuliko uchafu na laini kuliko metali. Fanya kazi chini ya kioo cha kukuzia, na ukifika kwenye ngozi laini ya kahawia au ya kijani kilichokoza, simama hapo. Ngozi hiyo ndiyo uso wa asili. Chini yake hakuna kitu isipokuwa vishimo. Brashi ya waya, stili waya, dawa ya meno na dawa za kung'arisha shaba zote ni haramu katika kazi hii. Usipake mafuta ya nazi pia, kwa maana huchacha na kutoa asidi.

Hifadhi kila kitu kwenye kisanduku cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukivikausha upya au kuvibadilisha kila vinapojaa unyevu. Usitumie sanduku la mbao. Mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi. Angalia kila mwezi kama unga wa kijani hafifu umerudi. Ukirudi, anza tena na maji.

Jambo moja la usalama lazima niliseme waziwazi. Mahali palipoachwa risasi kwa mamia ya maelfu, si kila kitu cha shaba ni nembo. Kitu chochote chenye umbo la risasi nzima, kombora la mzinga au kopo zito lililofungwa, usikiokote, usikikwaruze wala usikitie kwenye maji. Weka alama mahali pake uwaarifu polisi.

Kuhusu sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 huhesabu kuwa masalia yale yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na sheria ya Kenya ya 2006 inaweka mpaka wa 1895. Vitu vyako vya 1914 viko upande wa huku wa mipaka hiyo, lakini hilo si ruhusa ya kuchimba. Kuokota kilicholala juu ya changarawe ni jambo moja, na kufukua kwa jembe au kwa chombo cha kutafutia metali ni jambo jingine linalohitaji leseni. Nenda pia kwenye makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani la Kijerumani mjini Tanga, uwaonyeshe picha na karatasi yako ya maelezo.

Sasa bei. Sonara anayepima uzito anakulipa bei ya shaba chakavu, na kwa sarafu ile na kibati cha waridi huenda hiyo haiko mbali sana na bei ya soko. Kwa nembo na kibati cha alumini ni makosa makubwa. Orodha za bei utakazoziona kwenye mtandao huhusu vitu vizima, visivyoliwa na bahari, na bei wanazotaja wauzaji si bei walizolipwa. Tafuta matokeo ya minada iliyokwisha kufanyika, tazama vitu vilivyolingana na chako kwa hali, kisha punguza tena kwa ajili ya uharibifu. Kinachoongeza bei ni kutambulika kwa uhakika, uchache, hali ya uso, na maelezo ya kuaminika ya kilikotoka. Nembo yako inaweza kupata yote hayo isipokuwa hali ya uso.

Katika mji wako wapo pia watu wanaosema rupia ya Mjerumani ni mamilioni. Wanachokitaja kwa kweli ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo na herufi T, uzito wake takriban gramu 7.17 na dhahabu yake 750 kwa 1,000. Hiyo ni ghali kweli, na kwa sababu hiyo hiyo nakala bandia zimejaa. Sarafu za heller 20 za Tabora, za shaba, zilitengenezwa kwa wingi mno wakati ule ule. Mtu akikutaka utoe fedha kwanza ili akutafutie mnunuzi wa sarafu yako, ondoka.

Kibati cha alumini sikipangii bei kabla hakijasomwa. Ukipata jina, hata nusu yake, au namba ya askari na kikosi, linganisha na orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo ziko wazi kwa kila mtu na zinajumuisha makaburi na kumbukumbu zilizopo Tanga. Jina lisipokuwamo, usishangae, kwa sababu askari angeweza kupoteza kibati chake majini na kuishi miaka mingi baadaye. Jina likiwamo, iandikie Tume hiyo kabla hujafanya lolote jingine, uwape picha, mahali na tarehe ya kuokota, na usikikabidhi kwa mnunuzi yeyote mpaka wakujibu. Wafu wengine wa Tanga walizikwa bila kutambuliwa, na huenda wajukuu wa mtu huyo bado wanaulizia alipoishia.